Mapito ya Usiku Yafufuliwa katika Milima ya Pyrénées



Kila mwaka, mwezi wa Julai, katika mji mdogo wa Saint-Girons ulio kusini mwa Ufaransa, hukusanyika watu wa mataifa mbalimbali, wamevaa viatu vizito na kubeba mikoba migongoni. Wamo vijana wa shule, wamo wazee wenye mvi, wamo Waingereza, Wafaransa wa vijiji vya jirani, na Wahispania kutoka ng'ambo ya mlima. Asubuhi na mapema huagwa na wenyeji, kisha huanza kupanda. Safari yao ni ya siku nne. Kabla ya kuimaliza watakuwa wamekanyaga mabaka ya theluji katikati ya majira ya joto, wamevuka mpaka wa nchi mbili kwenye kimo cha meta 2,500 hivi, na kushuka katika bonde la Esterri d'Àneu, upande wa Hispania.

Hawaendi sokoni, wala hawaendi kuhiji mahali patakatifu kama wanavyofanya wanaokwenda Lourdes, ingawa Lourdes iko chini ya milima hiyo hiyo. Wanaifuata njia iliyokwisha kuachwa miaka mingi, ambayo zamani ilipitwa usiku tu, bila taa, bila neno. Mwaka 1994 njia hiyo ilifunguliwa rasmi kwa wasafiri wa miguu. Jina lake kwa Kifaransa ni Chemin de la Liberté, yaani Njia ya Uhuru.

Milima ya Pyrénées ni ukuta uliosimama kati ya Ufaransa na Hispania, tangu bahari ya Atlantiki hata bahari ya Mediteranea, urefu wa kilometa zipatazo 430. Msomaji wa Beni au wa Butembo, aliyezoea kuuona Ruwenzori wenye meta 5,109, asiidharau. Kilele kirefu kupita vyote huko, Aneto, kina meta 3,404 tu, lakini baridi ya Ulaya haingoji mtu afike kileleni. Kuanzia mwezi wa Novemba vipito vya juu hufungwa na theluji hata kifuani. Mawingu yakishuka, mchungaji mwenyewe, aliyezaliwa pale, hupotea karibu na kibanda chake. Katika eneo hilo la Saint-Girons mlima mkubwa ni Mont Valier, meta 2,838, nao una jina la askofu. Mapokeo ya waumini yanasema kwamba Mtakatifu Valerius, askofu wa kwanza wa Couserans, aliupanda mlima huo akasimika msalaba kileleni. Basi wale waliokimbia kwa mguu chini ya Mont Valier walipita chini ya msalaba, na wengi wao hawakuuona, maana palikuwa giza.

Ni akina nani waliokimbia? Hapa lazima turudi nyuma kidogo, tena tuanze na jambo ambalo wengi hulisahau. Watu wa kwanza kuivuka milima hiyo kwa wingi katika siku zile hawakuwa wakienda Hispania, bali walikuwa wakitoka huko. Mwezi wa Januari na wa Februari mwaka 1939, vita vya Wahispania wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia kwisha na mji wa Barcelona kuanguka, watu karibu nusu milioni waliingia Ufaransa, wanawake na watoto na askari walioshindwa, katika theluji. Ufaransa haikuwapokea vema. Wengi walitiwa katika kambi zilizozungushiwa nyaya, na mojawapo ilikuwa Le Vernet, katika jimbo lile lile la Ariège ambamo Saint-Girons imo. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mwezi wa Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Wajerumani, na waliokuwa wakiwatazama wakimbizi sasa wakawa wenyewe wakitafuta mahali pa kukimbilia. Mlima ni ule ule, mapito ni yale yale. Nyayo tu ndizo zilizogeuka.

Kwanza walipita wachache. Lakini tarehe 11 Novemba 1942 Wajerumani waliingia katika nusu ya kusini ya Ufaransa, ambayo hapo kwanza hawakuikalia, wakaweka walinzi mpakani pote. Sehemu zilizo karibu na mpaka zikawa eneo la marufuku, na mtu asiye na hati maalumu hakuruhusiwa kuonekana humo. Tarehe 16 Februari 1943 ikatoka sheria ya kuwalazimisha vijana wa Kifaransa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Tangu hapo vijana kwa maelfu walichagua mlima. Pamoja nao walikuwamo Wayahudi waliowindwa kwa sababu ya damu yao tu, na askari wa ndege wa Uingereza na wa Marekani ambao ndege zao zilikuwa zimeangushwa, wakaokolewa na wanakijiji, wakafichwa dari kwa dari mpaka kusini.

Kanisa la pande hizo halikunyamaza lote. Toulouse, mji mkubwa ulio karibu, ulikuwa na askofu mkuu mgonjwa, Mgr Jules-Géraud Saliège, ambaye kupooza kulimwondolea hata uwezo wa kusema vizuri. Mwezi wa Agosti 1942, Wayahudi walipoanza kusombwa katika eneo lake, aliandika barua fupi, fupi kuliko hotuba ya Dominika, akaamuru isomwe katika makanisa yote tarehe 23. Alisema wazi kwamba Wayahudi ni watu, ni wanaume na wanawake, ni ndugu zetu kama watu wengine wote, na kwamba Mkristu hawezi kulisahau jambo hilo. Serikali ilikataza barua isisomwe. Mapadri wengi wakaisoma. Mwaka 1946 Papa Pius XII alimfanya Kardinali. Mimi nikifundisha katekisimu hupenda kuwaeleza wanafunzi habari za mzee huyo aliyeshindwa kutamka, akasikiwa kuliko waliokuwa na sauti.

Lakini barua haimvushi mtu mlima. Aliyewavusha watu ni mpitishaji, ambaye Wafaransa humwita passeur. Wapitishaji wengi walikuwa watu wadogo: wachunga kondoo, wakata miti, wakulima wa mashamba ya mteremkoni, na hasa wenye kufanya magendo. Kwa vizazi na vizazi watu wa Pyrénées wamevusha tumbako, pombe na mifugo bila kulipa ushuru, na ujuzi huo walirithishana baba kwa mwana. Walijua ni jiwe gani linateleza baada ya mvua, ni mbwa wa nyumba gani anabweka, ni saa gani walinzi hubadilishana zamu. Katika vitabu vya maadili tulivyosoma seminarini, wataalamu walibishana kama magendo ni dhambi ya kuungamwa au ni kosa la sheria ya serikali tu. Sitaingia katika ubishi huo. Nasema tu kwamba mwaka 1943 Mungu alikuwa na haja ya watu wanaojua kutembea gizani, akawakuta hao.

Tusiwapambe kupita kiasi. Wako waliopokea fedha, na wengine walidai nyingi. Wako waliowaacha watu njiani kwa kuogopa, na wachache waliouza roho za wenzao. Kazi yenyewe haikuwa na malipo yanayolingana na hatari, maana mpitishaji aliyekamatwa alipigwa risasi au kupelekwa kambini Ujerumani, na mara nyingi ndugu zake pamoja naye. Kijana Louis Barrau, wa vijiji vya karibu na Saint-Girons, aliuawa mwezi wa Septemba 1943 baada ya kusalitiwa. Wapita njia wa leo husimama mahali pa ukumbusho wake siku ya kwanza ya safari, wakiwa bado na nguvu miguuni, na hapo makelele ya mwanzo wa safari hukoma.

Na tusifikiri kwamba ng'ambo ya mpaka palikuwa pepo. Aliyefika Hispania, akiwa amechubuka nyayo, mara nyingi alikamatwa na askari wa huko akawekwa gerezani, kisha akapelekwa katika kambi ya Miranda de Ebro, akakaa miezi. Hata hivyo, baada ya kambi wengi walifika Gibraltar au Afrika ya Kaskazini, wakawa hai.

Vita vilipokwisha, mapito yalikufa. Jambo hili latustaajabisha, lakini ni la kawaida. Njia ya magendo huishi kwa kupitwa. Vijana waliacha kuchunga, wakaenda mijini kutafuta kazi. Mashamba ya juu yakabaki bila watu, mapaa yakaanguka. Magugu na miiba ikafunika vijia vya mifugo. Wapitishaji wenyewe hawakupenda kusema. Walikuwa wamejizoeza kutosema, na tena katika vijiji vile waliishi bado watu waliosaliti na watoto wao. Miaka ikapita. Siku watu walipoanza kuulizana, "Mlipita wapi hasa?", waliojua walikuwa wazee, na wengine walikuwa wamekwisha zikwa.

Hapo ndipo kazi ya kufufua njia inapoonekana kuwa ngumu kuliko kufyeka majani. Hakuna aliyechora ramani mwaka 1943. Ramani ingekuwa hukumu ya kifo. Kila mpitishaji alikuwa na mapito yake, naye aliyabadili kila Wajerumani walipobadili ulinzi. Kadiri mabonde ya chini yalivyozidi kulindwa, ndivyo njia zilivyozidi kupanda juu, penye baridi na hatari, mahali ambapo mlinzi hakupenda kukesha. Kwa hiyo njia moja iliyowekwa alama leo si "ile njia" yenyewe. Ni moja kati ya nyingi. Iliyochaguliwa ni mojawapo ya zile za juu zilizotumika mwishoni, ambazo hazikuwahi kufungwa kabisa na adui. Tena yule wa zamani alipita usiku, akikwepa vijia. Wa leo hupita mchana, akifuata alama. Wengine hulaumu jambo hilo, wakisema ni mchezo wa kuigiza. Mimi naona sivyo. Hata Njia ya Msalaba tunayoifuata kanisani siku ya Ijumaa Kuu haina mawe ya Yeruzalemu, na hakuna anayetucheka.

Na njia yenyewe haiigizi chochote pale inapoanza kupanda kwa kweli. Kutoka kipito cha Col de la Core, chenye meta 1,395, mtu huacha barabara ya magari nyuma yake. Siku ya tatu hupita penye vipande vya ndege kubwa ya kivita ya Waingereza, aina ya Halifax, iliyogonga mlima mwezi wa Julai 1945. Fikirini: vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha tangu mwezi wa Mei! Askari saba waliokuwamo wakafa wote. Vyuma vyake vingalipo mlimani, jua na theluji vikivipausha. Kisha njia hufika katika nyumba ya wapanda milima iitwayo Estagnous, kwenye meta 2,245, chini ya Mont Valier, ambapo watu hulala wamebanana kama dagaa juani. Alfajiri hupanda mara ya mwisho, juu ya mawe makubwa yasiyotulia, wakiyapita maziwa madogo ya barafu, mpaka kipito cha Claouère, meta 2,522. Hapo ni mpaka. Hakuna lango, hakuna askari, kuna upepo tu. Waliotembea huko husimulia kwamba ukichungulia upande wa Hispania huoni mji wala barabara, unaona mteremko mrefu wa mawe, na kwamba magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko katika kupanda. Aliyeshuka hapo mwaka 1943 alikuwa amevaa viatu vya mjini, au viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba.

Mjini Saint-Girons kuna nyumba ya makumbusho ya njia hiyo. Katika miaka ya kwanza baada ya kufunguliwa, baadhi ya waliokimbia wakati wa vita walirudi wakiwa wazee, kuitembelea tena milima yao. Leo, zaidi ya miaka themanini baada ya matukio yenyewe, wanaotembea ni watoto wao na wajukuu. Wengi hawatafuti mandhari. Wanatafuta mahali ambapo babu yao alikaa chini na kusema hawezi tena, akainuliwa na mtu asiyejua jina lake.

Sasa tuufuate ukuta huo wa milima kuelekea magharibi, mpaka unapoingia baharini katika nchi ya Wabaski. Huko kuna njia ya pili, fupi na ya chini, nayo yatuhusu sisi Wakongo kwa karibu zaidi, kwa sababu mwanamke aliyeianzisha alikuja baadaye kufanya kazi katika nchi yetu.

Aliitwa Andrée de Jongh. Alizaliwa mwaka 1916 huko Schaerbeek, karibu na Bruxelles. Baba yake, Frédéric, alikuwa mkuu wa shule ya msingi, naye alimpa binti yake jina la utani, Kimbunga Kidogo. Wengine walimwita Dédée. Alikuwa mwembamba, mwenye umbo dogo. Ubelgiji iliposhindwa mwezi wa Mei 1940, aliwauguza askari waliojeruhiwa, kisha akaona kwamba haitoshi kuwaponya watu watakaofungwa. Mwezi wa Agosti 1941 mlango wa konsuli wa Uingereza mjini Bilbao, Hispania, ulibishwa na msichana wa miaka 24, amefuatana na askari mmoja wa Kiskoti na vijana wawili wa Kibelgiji. Alisema amewaleta kutoka Bruxelles, kwa gari la moshi na kwa mguu, akaomba gharama za kuwaleta wengine. Mwanzoni Waingereza hawakuamini. Walidhani ametumwa na Wajerumani. Naye akarudi Ubelgiji kuwachukua wengine.

Ndivyo ulivyoanza mtandao ulioitwa Comète. Kutoka Bruxelles hata Paris, kutoka Paris hata pwani ya Wabaski, nyumba kwa nyumba, watu wapatao 800 walisaidiwa. Huko kusini kazi iliongozwa na mama mmoja Mbelgiji, Elvire de Greef, aliyeitwa Tante Go. Mwongozaji wa mlimani alikuwa Mbaski mkubwa wa mwili, Florentino Goikoetxea, mzoefu wa magendo. Alikuwa na hazina ya ajabu ndani ya miguu yake: usiku usio na nyota aliweza kuweka mkono chini ya kichaka fulani akatoa chupa ya pombe aliyoificha mwezi uliopita. Wageni aliowaongoza, marubani vijana wa Uingereza na wa Marekani, hawakuijua lugha yake, naye hakuijua yao. Walimfuata tu mgongoni.

Baada ya mlima ulikuwapo mto Bidassoa, ambao ndio mpaka. Watu walivua suruali, wakazifunga shingoni, wakaingia katika maji ya baridi wakishikana. Maji yakiwa machache, yalifika kiunoni. Yakijaa, hapakuwa na kuvuka. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Desemba 1943, mkesha wa Noeli wenyewe ukikaribia, mto ulikuwa na nguvu, nao ukawachukua wawili: Antoine d'Ursel, Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Comète, na kijana Mmarekani wa jeshi la anga, James Burch.

Dédée hakuwapo usiku ule. Alikuwa gerezani karibu mwaka mzima. Mwezi wa Januari 1943 alifika na marubani watatu katika nyumba ya mkulima iitwayo Bidegain Berri, kijijini Urrugne, mahali walipokuwa wakipumzika kabla ya kupanda. Mvua ilinyesha sana. Florentino akasema mto hauvukiki, wangoje. Wakangoja. Tarehe 15 Wajerumani wakaizunguka nyumba. Katika kuhojiwa, Dédée alikiri kwamba yeye ndiye kiongozi wa mtandao wote, apate kumwokoa baba yake asishukiwe. Wajerumani walimtazama msichana yule mdogo, hawakuamini! Kutokuamini huko huenda ndiko kulikomponya asiuawe. Alipelekwa katika kambi za Ravensbrück na Mauthausen, akatoka hai mwaka 1945. Baba yake hakumkuta. Mwalimu yule alikuwa amekamatwa mjini Paris mwezi wa Juni 1943, na tarehe 28 Machi 1944 alipigwa risasi kwenye kilima cha Mont-Valérien.

Mwenye nyumba, Frantxia Usandizaga, alikamatwa siku ile ile. Alikuwa mama wa watoto watatu. Hakuwa mkuu wa kitu chochote. Aliwapikia wageni supu na kukausha nguo zao motoni. Alikufa Ravensbrück mwezi wa Aprili 1945, vita vikiwa karibu kwisha. Nakiri kwamba ninapoisoma habari ya Comète, ndiye ninayemfikiri zaidi. Dédée alijua anachokianza. Florentino alikuwa na miguu yake ya kumkimbiza: hata alipojeruhiwa kwa risasi mwezi wa Julai 1944 na kulazwa hospitalini Bayonne chini ya ulinzi, wenzake walikuja wamejifanya Wajerumani wakamchukua. Lakini nyumba haina miguu. Anayefungua mlango usiku hubaki pale pale asubuhi, yeye na watoto wake, na majirani wanaona moshi ukitoka.

Sisi wa Kivu hatuna haja ya kuelezwa usiku wa namna hiyo. Wako kati ya wasomaji wetu waliobisha hodi katika nyumba ya mtu wasiyemjua, wana mtoto mgongoni na sufuria mkononi, na wako waliofungua. Mapito yao kule Masisi na Rutshuru hayana alama wala jiwe la ukumbusho. Majina ya waliowafungulia yamo vinywani tu, na vinywa huzeeka.

Baada ya vita Dédée alipewa nishani na Waingereza na Wamarekani. Hakukaa kuzitazama. Katika miaka ya 1950 alikuja Kongo kuwahudumia wakoma karibu na Coquilhatville, mji uitwao leo Mbandaka. Mwaka 1959 mwandishi Mwingereza Graham Greene, naye Mkatoliki, alifika katika kambi ya wakoma huko akazungumza naye. Alipomwuliza kwa nini amekuja Kongo, alijibu kwamba tangu umri wa miaka kumi na mitano alitamani kuwatunza wakoma, na kama angalichelewa zaidi ingalikuwa kuchelewa kabisa. Hakutaja vita. Baadaye alifanya kazi hiyo hiyo Kameruni, Ethiopia na Senegali, mpaka macho na afya vikamlazimisha kurudi kwao. Alifariki Bruxelles tarehe 13 Oktoba 2007, ana miaka 90.

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, watu huitembea njia ya Comète. Huanzia pwani ya Ufaransa, hupita Urrugne penye nyumba ya Frantxia, hupanda vilima vya majani na miiba, hushuka mtoni. Wanaotaka huvua viatu na kuvuka Bidassoa kwa mguu, kwa kamba, mchana, maji yakiwa yameruhusu. Upande wa Hispania huendelea mpaka shamba la Sarobe, ambapo zamani waliovuka walipumzishwa kabla ya kuchukuliwa na gari. Hapo meza huandaliwa, na watu hukaa kula, wakiwa bado wamelowa.